Jinsi ya kusoma GIST kwenye CT ya tumbo, hatua kwa hatua

Kuna aina ya uvimbe ukiufungua kwenye skrini unakuta umejaa nusu ya tumbo, halafu ukimuuliza mgonjwa anakwambia anakula vizuri tu, hatapiki, choo anapata, kilichomleta ni tumbo kuwa kubwa au ameambiwa damu imepungua na haijulikani inaishia wapi. Ukikutana na picha ya hivyo, mgonjwa yuko vizuri kuliko CT yake, weka GIST juu kabisa kwenye orodha.

GIST (kifupi cha gastrointestinal stromal tumor) ni uvimbe wa stroma, tishu za kushikilia za njia ya chakula, yaani haujaanzia kwenye mukosa, ile ngozi ya ndani ambako saratani ya kawaida ya tumbo inaanzia, umeanzia ndani ya ukuta kwenye tabaka la misuli, kwenye seli zinazoitwa seli za Cajal (au ndugu zake) ambazo kazi yake ni kuendesha mdundo wa utumbo. Ukilishika hilo mengine yote yanajieleza: kwa kuwa umeanzia kwenye misuli unaota kuelekea nje kuliko ndani, unasukuma viungo kuliko kuvitafuna, hauzibi njia ya chakula mapema, na tezi za limfu haupendi kwenda. Wengi wana mabadiliko kwenye jeni ya KIT, wachache kwenye jeni ya PDGFRA, na kuna kundi dogo la SDH (kimeng'enya cha seli kilichoharibika) ambalo lina tabia zake za ajabu, nitalirudia huko mbele. Asilimia 60 hivi ziko kwenye mfuko wa chakula, 30 hivi kwenye utumbo mwembamba, zilizobaki zinagawana duodeni (kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba, kinahesabiwa peke yake), puru, utumbo mpana, na kwenye umio ni nadra sana kiasi kwamba uvimbe wa misuli kwenye umio kwanza fikiria leiomioma (uvimbe wa misuli usio saratani). Wagonjwa wengi wana umri wa miaka sitini na kitu.

Hatua ya 1: skani yenyewe iwe nzuri

Hapa nitapita haraka ila msipuuze manake skani mbovu hakuna wa kuisoma. Mgonjwa afunge, anywe maji ya kutosha, nusu lita hadi lita moja kabla ya kupanda mezani, na glasi nyingine akiwa pale pale ili mfuko wa chakula utanuke. Maji, sio ile kontrasti (dawa ya kung'arisha picha) ya kunywa inayong'aa nyeupe, kwasababu ikishang'aa inakuficha ukuta wa mfuko wa chakula na kidonda kidogo juu ya uvimbe hutakiona. Kisha kontrasti ya mshipani kwa spidi ya mililita 3 hadi 4 kwa sekunde, piga awamu ya ateri (kontrasti ikiwa bado kwenye ateri) kwenye sekunde 35 hadi 40 na awamu ya vena ya porta (ikishafika kwenye vena ya ini) kwenye sekunde 70. Awamu kabla ya kontrasti wengine wanairuka kuokoa mionzi, kwa skani ya kwanza kabisa mimi naitaka, inakuonyesha damu iliyoganda ndani ya uvimbe, inakuonyesha chokaa (kalsiamu iliyoganda), na itakuokoa baadaye kwenye ini mtaona kwanini. Slaisi ziwe nyembamba, milimita 1 hivi, ili picha za korona (mkato wa mbele) na sajita (mkato wa ubavuni) zitoke safi. Bila korona hii kazi ni kubahatisha.

Hatua ya 2: tafuta umeota wapi

Hapa ndo penye kazi na ndo hatua watu wengi wanairuka, wanaona uvimbe mkubwa wanapima sentimita wanaandika "uvimbe mkubwa tumboni" basi. Daktari wa upasuaji hilo alishalijua kwa kupapasa tu, anachotaka kwako ni unatoka kwenye kiungo gani.

Tuchukue mfano, uvimbe wa sentimita 12 upande wa kushoto juu, chini ya diaframu. Kwenye picha za aksia (mkato wa kukingama) unagusa kila kitu: wengu, mkia wa kongosho, figo, tezi ya adrenali na mfuko wa chakula. Sasa acha kuangalia uvimbe, angalia mafuta. Zungusha kipanya polepole juu chini na kwa kila kiungo uliza, je kuna mstari mweusi wa mafuta unaotenganisha? Na figo upo, mstari safi. Na wengu upo, umebanwa lakini upo. Kongosho limesukumwa nyuma ila mafuta yake yanaonekana. Kwenye mfuko wa chakula, sehemu moja tu, pengine sentimita 2, mafuta yanapotea na ukuta wa tumbo unaingia moja kwa moja kwenye uvimbe. Hapo hama kwenye korona uthibitishe, mara nyingi unakuta kijishina chembamba, uvimbe wote mkubwa umening'inia kama embe kwenye kikonyo chake. Kikonyo hicho kwenye aksia kinaweza kuonekana kwenye slaisi mbili tatu tu, ukiwa na haraka umekipita.

Alama nyingine mbili za kusaidia. Ya kwanza ni alama ya mdomo wa ndege: kingo ya kiungo ikichongoka na kuukumbatia uvimbe pande zote mbili, uvimbe huenda unatoka kwenye kiungo hicho, kingo ikiwa butu basi kiungo kimesukumwa tu. Ya pili ni kwa viungo vyenye uwazi, utumbo ukibonyezwa ukawa mwezi mwandamo kando ya uvimbe huo ni jirani anayeonewa, ila sehemu ya utumbo ikizama ndani ya uvimbe isionekane inapoishia, huyo ndo mwenye mali.

Bado hujashiba? Fuata mishipa kwenye awamu ya ateri. GIST inakula damu sana na ateri inayoilisha huwa inanenepa, kwahiyo ukiona ateri ya kushoto ya mfuko wa chakula au ile inayopita kwenye mpindo wake mkubwa imekuwa nene na inaingia kwenye uvimbe, jibu umepata, na ukiona ni tawi la jejuni (utumbo mwembamba baada ya duodeni) kutoka ateri ya mesenteri ya juu (ateri kuu ya utumbo) basi tuko utumbo mwembamba hata kama uvimbe umekaa karibu na tumbo. Vena pia inasema, ya utumbo mwembamba inamwaga kwenye vena ya mesenteri ya juu na wakati mwingine inajaa mapema kabisa kwenye awamu ya ateri.

Sehemu zinazochanganya watu ni hizi. Duodeni, inakaa kichwani mwa kongosho na ukiikuta inang'aa kwenye ateri utaapa ni uvimbe wa kongosho, angalia mirija ya nyongo na mrija wa kongosho, kwenye GIST ya duodeni mara nyingi haijatanuka hata uvimbe ukiwa mkubwa. Nyonga ya mwanamke, GIST ya utumbo mwembamba inadondoka chini inaitwa uvimbe wa ovari, kwahiyo tafuta ovari zote mbili kwanza, ukizipata zote salama hamisha mawazo. Puru kwa mwanaume, inaota kwenda mbele inabonyeza tezi dume na mtu anaanza kupimiwa PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) bure.

Hatua ya 3: soma tumbo la uvimbe

Ndogo, chini ya sentimita 5, kwa kawaida ni ya mviringo, kingo safi, rangi moja, inapokea kontrasti vizuri. Inaweza kuchungulia ndani ya tumbo na mukosa juu yake ikawa imenyooka vizuri, ikionyesha kwamba ugonjwa uko chini ya mukosa sio kwenye mukosa. Nyingine zinaota ndani na nje kwa pamoja zikawa na umbo la nane. Za utumbo mwembamba ndogo zinang'aa kweli kweli kwenye awamu ya ateri na awamu ya vena zinafifia, ndo maana mgonjwa anayetoa damu kwenye choo na kamera ya juu na ya chini zote hazijaona kitu, jejuni yake ipitie kitanzi kwa kitanzi kwenye awamu ya ateri.

Kubwa, hasa kuanzia sentimita 10, ni hadithi nyingine. Pembeni inang'aa, katikati giza, maana damu haifiki, tishu imekufa, au imevuja damu, au imegeuka maji. Kingo zinaanza kuwa na mabonge. Na hapa kuna kitu nataka mkione vizuri: ile sehemu iliyokufa ikitoboka kuelekea ndani ya utumbo inamwaga uchafu wake humo na hewa inaingia, kwahiyo unaona shimo kubwa ndani ya uvimbe lenye hewa juu na maji chini, mstari mnyoofu kabisa, mtu asiyejua anaandika jipu na mgonjwa anapelekwa kuwekewa mrija. Tofauti ni ukuta, jipu ukuta wake karibu unalingana pande zote na mafuta ya pembeni yamechafuka, huu una ukuta mnene usiolingana, upande mmoja milimita 5 upande mwingine sentimita 3 za nyama zinazong'aa, na ukifuatilia utaona njia inaungana na utumbo. Pia mgonjwa wa jipu homa inamsema, ingawa na uvimbe uliopata maambukizi unaweza kuleta homa, kwahiyo usiweke imani yote hapo.

Kidonda juu ya mukosa kitafute kwa makusudi, ndo kinachovuja damu. Chokaa ipo kwa wachache, ikikosekana haimaanishi kitu.

Hatua ya 4: imeenda wapi

Ini na peritoniamu (utando unaofunika viungo vya tumbo). Hizo mbili ndo njia zake, mapafu na mifupa ni kwa nadra na mara nyingi ni mwishoni huko. Kwenye peritoniamu unatafuta vinundu vya mviringo vyenye kingo safi kwenye omenta (pazia la mafuta mbele ya utumbo), mesenteri (utando unaoshikilia utumbo), chini ya nyonga, na cha kushangaza vinaweza kuwa vingi na vikubwa bila maji ya maana tumboni, wakati saratani ya ovari ingekuwa imeshajaza ndoo.

Tezi za limfu zikiwa zimevimba sana, simama. Hiyo sio kawaida yake, rudi nyuma ufikirie limfoma (saratani ya tezi za limfu) au adenokasinoma (ile saratani ya kawaida ya mukosa). Isipokuwa, na hapa ndo lile kundi la SDH linaingia, mgonjwa ni binti au kijana, uvimbe uko kwenye mfuko wa chakula, tena ni zaidi ya mmoja, basi tezi kuhusika inawezekana kabisa, na usifunge faili kabla hujaangalia mapafu kama kuna kondroma (uvimbe wa gegedu) na nyuma ya peritoniamu na shingoni kama kuna paraganglioma (uvimbe wa vifundo vya neva). Na mwenye vinundu vingi vya GIST kwenye utumbo mwembamba angalia ngozi yake na picha yote kwa ujumla, huenda ana neurofibromatosisi aina ya 1 (ugonjwa wa kurithi wa vivimbe vya neva na madoa ya ngozi).

Hatua ya 5: wanaofanana nayo

Sitawataja wote. Limfoma inanenepesha ukuta wa utumbo kwa urefu mrefu, uwazi wa utumbo unaweza hata kutanuka badala ya kubanwa, na tezi ziko kila mahali. Adenokasinoma inaanzia ndani, inabana, inaziba, mgonjwa anatapika. Leiomioma ya tumbo inapenda kukaa pale umio unapoingilia, rangi moja, haing'ai sana, inaota kwa ndani. Shwanoma (uvimbe wa ala ya neva) ndo inanisumbua mimi, inaota nje kama GIST, ila hata ikiwa kubwa ndani yake imetulia rangi moja bila sehemu iliyokufa, na pembeni kuna vitezi vya limfu vilivyovimba kwa kukereka tu, kwahiyo uvimbe mkubwa uliotulia wenye vitezi jirani, taja shwanoma. Kasinoidi ya utumbo mwembamba (uvimbe wa seli za homoni) yenyewe inajulikana na mesenteri, kuna kibonge chenye chokaa kinachovuta utumbo kama nyuzi zinazoelekea katikati, GIST haivuti inasukuma. Na kongosho lililopotea njia likakaa kwenye ukuta wa antramu (sehemu ya chini ya mfuko wa chakula), hilo ni bapa, urefu wake unazidi unene.

Ikishindikana kutofautisha, na mara nyingi kwenye ndogo itashindikana, andika hivyo na patholojia itamaliza na rangi za CD117 na DOG1, alama za seli za GIST. Ila kwenye kushauri biopsi uwe mwangalifu, uvimbe huu ni laini na unavuja kirahisi, sindano ya kupitia ngozi inaweza kumwaga seli kwenye peritoniamu, kwahiyo kama inafikika njia nzuri ni ya kupitia ndani kwa endoskopi yenye altrasaundi. Na kama ni dhahiri unatolewa wote kwa upasuaji timu inaweza kuamua kwenda moja kwa moja bila biopsi.

Hatua ya 6: andika ripoti inayofanya kazi

Usiandike "uvimbe usio na madhara" hata ukiwa mdogo na mzuri kiasi gani. GIST tunaipa kiwango cha hatari, na kiwango hicho kinategemea ukubwa, mahali ilipo, na idadi ya seli zinazogawanyika ambazo wewe huzioni, anaziona mtu wa patholojia. Vile viwili vya kwanza ni vyako. Ngazi za ukubwa ni sentimita 2, 5 na 10, kwahiyo kipimo kati ya 4.8 na 5.2 sio cha kukisia, pima kipenyo kirefu zaidi kwenye pande zote tatu.

Na mahali pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Kwenye takwimu za Miettinen na Lasota za mwaka 2006, uvimbe wa zaidi ya sentimita 5 hadi 10 wenye seli chache zinazogawanyika, ukiwa kwenye mfuko wa chakula ugonjwa uliendelea kwa asilimia 3.6 tu, ukubwa huo huo kwenye jejuni na ileamu (sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba) ni asilimia 24. Ndo maana ile hatua ya 2 nimeikalia sana.

Kitu kingine cha lazima ni kama umepasuka au la. Damu au maji yanayozunguka uvimbe, kingo iliyokatika, mafuta yaliyochafuka upande mmoja, yaandike, maana vigezo vya Joensuu vya 2008 vinampandisha aliyepasuka kwenye kundi la hatari kubwa bila kujali ukubwa. Mwambie daktari wa upasuaji pia uvimbe umekaa vipi na mishipa mikubwa na viungo jirani, anachotaka ni kuutoa mzima bila kuupasua, mambo ya kusafisha tezi za limfu kwa kawaida hana haja nayo.

Hatua ya 7: akishaanza imatinibu

Hapa ndo wazoefu wa saratani nyingine wanapotea. Imatinibu, dawa ya kumeza inayozuia KIT, ilikubaliwa Marekani kwa GIST mwaka 2002 na ikabadilisha kila kitu, kabla yake kemotherapi ilikuwa haigusi. Sasa dawa ikifanya kazi uvimbe sio lazima unywee, unakufa ukiwa pale pale: ile nyama inayong'aa inageuka giza lililotulia, mishipa ya ndani inapotea, na kwasababu ya maji au damu ndani yake unaweza hata KUONGEZEKA ukubwa miezi ya mwanzo. Anayepima kwa rula peke yake ataandika ugonjwa umeendelea na mgonjwa ataondolewa kwenye dawa inayomsaidia.

Kwahiyo tunatumia vigezo vya Choi, vya 2007. Chora duara kufuata kingo za uvimbe wote kwenye awamu ya vena ya porta, soma wastani wa HU (kipimo cha weupe au giza la tishu kwenye CT), linganisha na skani ya mwanzo. Ukubwa ukipungua asilimia 10 au zaidi, AU HU zikipungua asilimia 15 au zaidi, hayo ni mafanikio ya sehemu. Mfano uvimbe ulikuwa sentimita 9.0 na HU 80, leo ni sentimita 9.4 na HU 52. Umekua kidogo, lakini HU zimeshuka 28 kwa 80, hiyo ni asilimia 35, dawa inafanya kazi. Masharti ni mawili: awamu ile ile kwa sekunde zile zile, ukilinganisha vena na ateri umelinganisha vitu viwili tofauti, na uhakikishe hakuna damu mpya ndani maana damu inapandisha HU kwa uongo. Hapo ndo awamu ya kabla ya kontrasti inakulinda.

Mtego wa ini sasa. Kabla ya dawa vinundu vya ini vinaweza kuwa vinang'aa sawa sawa na ini lenyewe kwenye awamu ya vena, hauvioni. Mgonjwa anatumia dawa miezi miwili, vinakufa, vinakuwa giza, ghafla ini lina "vinundu vipya" sita. Kabla hujaandika vipya rudi kwenye skani ya mwanzo, fungua awamu ya ateri na ile isiyo na kontrasti, banisha dirisha la picha ili tofauti ndogo za rangi zionekane, utavikuta vimekaa pale pale. Na maji kidogo tumboni, kwenye mapafu au chini ya ngozi kwa mtu anayemeza imatinibu yanaweza kuwa ya dawa yenyewe, kwahiyo peke yake yasikutishe.

Kinachotakiwa kukutisha ni kidogo sana kwa macho. Uvimbe uliokwishageuka maji, umetulia miezi, giza tupu, halafu kwenye ukuta wake wa ndani panatokea kipunje cha milimita 8 kinachong'aa. Ukubwa wa nje haujabadilika, wastani wa HU haujabadilika, rula na duara vyote vinasema yuko salama, lakini pale kuna seli zilizopata njia ya kuikwepa dawa. Kiandike kwa namba ya slaisi, kipime peke yake, na mpigie simu daktari wake wa saratani siku hiyo hiyo, maana kuna sunitinibu na nyingine zinazofuata, na kama ni kimoja tu wakati mwingine kinaweza kukatwa au kuchomwa wakati imatinibu inaendelea kushikilia vingine.